Siku Waliyokuja Kunizika

Mimi sikujifanya nimekufa. Nasema mapema, kwa sababu hapa Mbangala bado wapo wanaonisema hivyo, na wakisema mbele yangu tunakosana.

Mgodi ulikuwa umefungwa, wazungu wameondoka, reli ya toroli imebaki inaliwa na kutu. Wakala wa mgodi akatupa sharti. Tung'oe reli zote za upande wa mashimo na kuzifikisha barabarani kabla ya Jumamosi adhuhuri, lori lizichukue. Ujira wetu utakuwa ile maili moja ya reli ya kutoka mtoni hadi kanisani, pamoja na toroli moja. Ikibaki hata reli moja, anabeba vyote. Ile maili aliitandika baba yangu na wenzake, nami nilikuwa nyapara wa reli hiyo miaka kumi na minne. Niliitaka ibaki, wajukuu wasukumane juu yake Jumapili na wajue ni kazi ya nani. Niliitaka mno, sioni haya kusema.

Tulijitolea watu sita tu. Wengine niliwafukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Katika kikao cha wazee wa kanisa nilimwita jirani yangu Raphaeli mvivu, mbele ya mkewe, na kijiji kizima kikamwonea huruma. Akaapa hatagusa chuma changu. Nikamjibu kwamba sina shida naye. Kumbe shida ninayo, tena kubwa.

Jumamosi asubuhi reli arobaini zilikuwa bado zimelala. Tulikuwa korongoni, mahali ambapo mataruma, yale magogo ya kulaza reli, yalikwisha kuoza na reli zinaning'inia hewani. Nikawapangia kazi kama tulivyofanya zamani: nyundo moja, pumzika, sogeza mtaimbo, nyundo nyingine. Reli ikalia vizuri mno. Nami, kwa ujinga wangu, nikafurahi.

Kengele ya kanisa letu ni kipande cha reli hiyohiyo. Nilikikata mimi na kukitundika mimi. Kwa ibada hupigwa harakaharaka. Kwa msiba hupigwa mara moja, kimya, mara moja tena. Yaani nilisimama pale nusu saa nikitangaza msiba, na sikujua.

Kwanza tulisikia vilio. Kisha wakatokea: wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi, wanawake na unga na kuni vichwani. Walikuwa wamepita kanisani, wakakuta hakuna mtu kwenye kengele, na sauti inatoka korongoni. Wakaona basi, yule mzee mkali ameangukiwa na reli. Dada yangu Loisi alikuwa ameshafungwa kanga kiunoni na ameshikiliwa na watu wawili. Aliponiona nimesimama na nyundo, alikaa chini akacheka na kulia kwa pamoja, kisha akanitukana.

Raphaeli alikuwa mbele kabisa. Macho mekundu, jembe begani. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni, akashusha pumzi ndefu, akalitupa jembe na kushika mtaimbo.

"Nimekuja kukuzika," alisema. "Sirudi nyumbani bure."

Wote wakaingia kazini. Ule unga wa msiba ukasongwa ugali palepale korongoni, tukala kwa zamu. Reli ya mwisho iliwekwa barabarani tukiwa tunalisikia lori linapanda mlima. Wakala alizipitia zote, akatia saini. Nilikaa juu ya taruma nikalia mbele za watu, wala sikujificha.

Jioni tuliwapandisha akina mama kwenye toroli na masufuria yao, tukawasukuma hadi kanisani. Raphaeli alisukuma kushoto, mimi kulia. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la kikaoni. Ilinichukua nusu maili kuyatoa maneno hayo.

Hakusimama. Alisema tu, "Mimi msiba wako nimekuja, Fanueli. Na wewe wangu usikose."

Nikamwambia sitakosa.