Mlio Uliokuja na Mzigo

Mimi siibiwi kizembe. Mke wangu Paskalina anasema nina ugonjwa wa kushuku, eti jua likichelewa kuchomoza nitauliza nani kalishika. Aseme tu. Mtu aliyeshuka Mbulu na jembe moja na blanketi akajenga nyumba ya bati Nangara, hakujenga kwa kumwamini kila anayemchekea.

Kwa hiyo baiskeli yangu ilipoanza kulia, nilijua kuna mkono wa mtu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya. Ofisi zilikuwa zinafunguliwa, wageni wanashuka stendi kila siku na masanduku yao, na wote walitaka chai ya maziwa. Nilikuwa na ng'ombe watatu, nakusanya na ya majirani, na kila asubuhi napeleka mjini madumu mawili ya lita ishirini, nimeyafunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu. Baiskeli niliinunua mpya. Ilitoka dukani fremu nzima imevishwa makaratasi na nailoni, nami sikuivua. Nani anavua? Unaiacha na nguo yake rangi isichubuke, na nailoni ikichanika unaongeza nyingine juu yake na kuikaza kwa uzi. Miaka mitatu fremu ile ilikuwa haijaona jua, na watu waliokuwa wanaiona walidhani nimeinunua juzi.

Sasa ikaanza: krii-ka. Mara moja tu, kila mguu wa kulia unapokanyaga. Nikiacha kukanyaga, kimya. Nikianza tena, krii-ka, mpaka mbwa wa Maisaka, njiani kwenda mjini, wakawa wanajua maziwa yamefika. Nilikaza nati za kiti, haikusaidia. Nilifungua madigadi, nikazifunga tena, nikatia mafuta kwenye cheni mpaka suruali ikaharibika. Wapi.

Nikaenda kwa Anselm. Huyu Anselm tulishuka naye Mbulu siku moja, tukapanga chumba kimoja miaka miwili, tukipika kwenye sufuria moja. Mwanangu Evelyne alipobatizwa, yeye ndiye aliyemshika, ni baba yake wa ubatizo. Alikuwa na kibanda cha fundi baiskeli pale Maisaka kando ya barabara, bati mbili na nguzo nne, na watoto watano wanakula kutokana na spana zake. Na fundi baiskeli, ndugu yangu, hana duka wala mtaji. Ana jina tu. Watu wanamwachia baiskeli asubuhi wanaifuata jioni, na katikati hapo hakuna anayeona anafanya nini.

Anselm aliikalia, akazunguka nayo, haikulia. Akaniambia nipande mimi, yeye akatembea pembeni ameinama kama daktari. Nikanyage. Niache. Nisimame nisikalie kiti. Ikatoa sauti ndogo tu, ya kunong'ona. Akasema inaonekana inalia ikielemewa, nimletee ikiwa na madumu yaliyojaa. Nikawaza, madumu yaliyojaa yasimame kwa fundi juani? Anataka nini na maziwa yangu huyu? Nikamwambia haiwezekani.

Basi akashika fremu, akapapasa ile nailoni pale chini karibu na pedeli, akaniomba aikate aone bomba lenyewe. Hapo nikakasirika kidogo. Kitu hakijaguswa tangu dukani, unataka kukivua cha nini? Ukishakivua, nani atajua kipi kilikuwa changu na kipi umekipachika? Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu nailoni isiguswe. Akacheka, akasema kwa kuwa nimemwachia gololi peke yake, atafungua gololi.

Nikamwambia nitamletea kesho yake, kwa sababu nilikuwa na jambo langu. Asubuhi kabla ya kuondoka nilichukua maka peni kwenye mkoba wa shule wa Evelyne, nikatia alama nyeusi ndogo kwenye nati nne za pale kwenye pedeli, upande usioonekana. Hakuna aliyejua, hata Paskalina. Kila mtu mjini alikuwa na hadithi ya fundi anayetoa gololi orijino na kuweka za ovyo, na mimi nilitaka kuwa mtu mmoja asiyekuwa na hadithi hiyo.

Jioni nikaichukua. Tupu, haikulia kabisa. Anselm alikataa hata kunidai chochote, akanipa salamu nimpelekee Evelyne. Kesho yake nikapakia madumu, nikakanyaga mara tatu. Krii-ka.

Nikaiinamisha palepale kwenye nyasi, nikatazama chini ya pedeli. Alama hakuna. Zote nne. Nati zinang'aa kama zimetoka kiwandani. Moyo uliniuma, na sitakudanganya, sehemu yake nyingine ilifurahi. Nilikuwa nimeshuku, na kumbe nilikuwa sahihi.

Nilifika kwa Anselm saa mbili, watu wamejaa. Walikuwepo wenye maziwa wenzangu, tarishi wa ofisi moja mpya, na mama mmoja mwenye baiskeli ya mumewe. Wala sikumsalimia. Niliuliza kwa sauti gololi zangu ziko wapi na nati zangu kamuuzia nani. Nikaeleza habari ya maka peni, wote wakasikia jinsi nilivyo mjanja. Nikamaliza kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako, na nikamwonyesha kidole.

Anselm alisimama na spana mkononi. Hakupandisha sauti.

"Baba Evelyne, mimi nilikula sufuria moja na wewe."

"Ndiyo maana uliona ni rahisi," nikamjibu.

Yule tarishi alichukua baiskeli yake ikiwa bado imefunguliwa gurudumu moja, akaibeba begani. Mama naye akaondoka. Ndani ya wiki mbili habari ilikuwa imefika sokoni, ikafika ziwani kwa wauza samaki, kila anayeipokea anaiongezea gololi mbili. Nilipokuwa napita Maisaka nilikuwa namwona amekaa peke yake na kopo lake la petroli. Nilikaza macho mbele. Baiskeli iliendelea kulia, safari hii kwa nguvu zaidi, na nilisema ndizo hizo gololi za ovyo.

Mwishowe nikaipeleka kwa Alawi, mtu wa Kondoa, mgeni aliyefungua kazi karibu na stendi. Yeye simjui, hanijui, nikaona ndiyo afadhali. Lakini kwanza nikatia alama zangu tena, na safari hii nikaleta kigoda nikakaa mbele yake, macho yangu kwenye vidole vyake. Na madumu nilikuja nayo, yamejaa maji.

Alawi alifungua nati ya kwanza, akaitumbukiza kwenye kopo la petroli, akaikoroga, akaitoa, akaifuta kwa kitambaa. Inang'aa. Alama haipo.

Nikamwomba anionyeshe tena. Akaitoa ya pili mbele ya macho yangu, ileile, ina doa langu jeusi, akaiosha, doa likabaki kwenye kitambaa. Akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nimekaa na mdomo wazi. Kila fundi huosha nati kwa petroli, akasema, asipoosha si fundi. Nilitamani aseme jambo lingine lolote, aseme hata kwamba mafundi wote ni wezi.

Akafunga kila kitu, akanipandisha na yale madumu ya maji, akatega sikio. Krii-ka. Alawi hakuniomba ruhusa kama Anselm. Alichukua wembe, akaipasua nailoni kuanzia juu mpaka chini kwenye pedeli. Maji yalitoka, ya mvua za miaka mitatu, na makaratasi yaliyooza yakaanguka kama uji. Chini yake hakukuwa na rangi tena. Kutu ilikuwa imelila bomba linaloshuka kutoka kwenye kiti, na pale lilipokutana na pedeli kulikuwa na ufa uliozunguka zaidi ya nusu. Aliponiambia nikae, ufa ukafunguka. Aliponiambia nishuke, ukajifunga. Mlio wenyewe ulikuwa huo. Alisema wiki nyingine moja ningeanguka na madumu yangu mbele ya basi.

Kisha akauliza, "Hakuna fundi aliyekwambia uivue hii nailoni?"

"Hakuna," nikasema.

Naona aibu kuliandika hilo kuliko yote. Ukweli ulikuwa mbele yangu umetapakaa kutu, na bado nilikimbilia kujiokoa. Alawi alitaka kuichomelea siku ileile, nikakataa, nikalipa, nikaikokota. Nilikuwa nimeshapanga. Nitampelekea Anselm, mchana, watu wakiona, aichomelee yeye. Wote wajue nimemrudia.

Kabla ya hapo nilianza kuzunguka. Nilikwenda kwa wenye maziwa wenzangu, nikaenda kwa yule tarishi, nikaeleza habari ya petroli na ufa, nikasema Anselm ni mtu safi, mimi ndiye niliyekosea. Walinisikiliza vizuri. Wenye maziwa walisema pole na yaliyokupata, wakaendelea kumimina. Tarishi alitabasamu, akasema ni vizuri tumepatana, ila lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikamwapia. Nikaona kwenye macho yake anawaza Anselm kanipa kitu kidogo ninyamaze. Nilimjua mtu wa namna hiyo, kwa sababu ndivyo ambavyo ningewaza mimi.

Nikafika Maisaka. Anselm alinikaribisha, akanipa kigoda chake kimoja, yeye akakaa juu ya tairi. Nilimwomba radhi moja kwa moja, sikuzunguka. Nilimwambia hata lile neno nililomdanganyia Alawi. Nikamwonyesha ufa. Aliupapasa palepale alipotaka kukata siku ile, akatikisa kichwa.

Alisema amenisamehe, tena siku nyingi, na nilijua anasema kweli maana Anselm hajui kusema uongo. Basi nikaisogeza baiskeli kwake, nikamwambia aitengeneze anavyotaka, avue nailoni yote, mimi naenda zangu sokoni, sitaki kuona.

"Hii siishiki, Baba Evelyne."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini nati moja ikilegea huko njiani, utalala unawaza. Na mimi nitalala nawaza kwamba unawaza. Mpelekee Alawi, yeye hamjuani."

Nilibembeleza. Nilisema mambo mengi ambayo mtu mzima hasemi barabarani. Nikamwuliza na Evelyne je, akajibu kwamba Evelyne aje siku yoyote, hapa ana baba yake.

"Na mimi?" nikauliza.

Alivuta beseni la maji, akachukua tyubu akaanza kutafuta tundu. Hakukuwa na baiskeli ya mteja hata moja pale, ilikuwa tyubu yake mwenyewe. Aliizamisha, akaizungusha polepole, akaizamisha tena, na alikuwa bado anaizungusha nilipoinuka kwenye kigoda chake nikaondoka.