Kifua Hakiumi

Shuka lilipomshinda kukunja, mama mpiga pasi aliegemea meza ya dobi. Taya lilikuwa likimvuta tangu juzi, mgongo umeelemewa kati ya mabega kama amebebeshwa gunia, na kichefuchefu juu.

"Uzee huo, mama," msimamizi akamtania. "Au ni mimba?"

Wenzake wakacheka. Yeye akavua aproni, akaenda zahanati peke yake.

Dirishani karani hakuinua macho. "Kifua kinauma?"

"Hapana, mwanangu. Taya, mgongo, na pumzi haitoshi."

"Taya nenda dirisha la meno. Hiyo pumzi ni gesi tu."

"Nataka nipimwe moyo. Muuguzi kasema redioni, sisi tuliokwisha koma hedhi moyo unaweza kutuuma mgongoni, kifua kimya."

"Mama yangu, moyo ni ugonjwa wa wababa. Na fomu inataka kifua."

Hata mama mwenyewe aliamini hivyo siku zote. Marehemu mumewe, mchomelea mageti, alipoambiwa ana mafuta kwenye mishipa, walipewa karatasi ya mlo. Mama akaishika kama sala. Kuku alimchuna ngozi, nyama akaikata mafuta yote. Sahani ya baba ikawa safi. Ila kutupa chakula hakuweza, kwa hiyo ngozi na mafuta alikula yeye, jikoni, amesimama, miaka tisa. Nani angemkataza? Kwenye karatasi walikuwa wamechora mwanamume.

Mwaka jana lori likamgonga mumewe. Daktari aliyeuchunguza mwili akamwambia, kama kumpa pole, kwamba moyo wa marehemu ulikuwa mzima kabisa.

"Basi andika kifua kinauma," mama alimwambia karani.

"Si umesema hakiumi?"

"Kimeanza sasa hivi, hapa hapa dirishani kwako."

Karani akaguna, akajaza. "Msindikizaji nani? Bila msindikizaji hupimwi."

Mama akageuka nyuma. Kila mgonjwa alikuwa na wake: binti, mke, shemeji mwenye chupa ya maji. Akanyoosha mkono dirishani, akachukua kalamu ya karani, na kwenye mstari wa msindikizaji akaandika jina lake mwenyewe, taratibu, herufi moja moja.

Kisha akaenda kukaa kwenye benchi mlangoni pa chumba cha kipimo. Pembeni yake akaweka pochi, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi.