Chafya ya Chumba Namba Saba

Shangazi alikuwa akijigamba kwamba katika chuo kile cha muziki hakuna aliyesoma kumzidi. Walimu wenyewe wana miaka minane pale chuoni, wakizidi kumi. Yeye ana kumi na tisa, na hajakosa kipindi. Halafu, kabla hujapata nafasi ya kumvulia kofia, anajimaliza mwenyewe: vipindi vyote hivyo alivisomea nje ya mlango, fagio mkononi, na kwa sikio moja tu, maana la kushoto liliacha kazi zamani bila hata kuaga.

Hilo moja lilimtosha. Alikuwa mfagizi wa ghorofa ya pili, yenye vyumba tisa vya mazoezi, kila chumba na piano yake, mwanafunzi wake na kelele zake. Namba saba kilikuwa cha mtoto wa kaka yake. Wenzake walimwita Msomi, na jina lilimkaa. Watu wakimaliza shahada ya kwanza huenda kutafuta kazi. Yeye aliitazama kazi kwa mbali, akaona haina adabu, akarudi darasani kutafuta shahada ya uzamili ya piano. Tasnifu yake ilihusu ukimya katika muziki. Shangazi alipoambiwa alisema mada imempata mwenyewe, kwani nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumsikia akigusa hata sufuria chafu.

Shahada hiyo ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea: onyesho la Jumamosi ya mwisho wa muhula, katika ukumbi mkubwa. Asiyepiga siku hiyo hahitimu. Anaurudia mwaka mzima. Na ruhusa ya kupanda jukwaani ilikaa ndani ya daftari la Mwalimu wa uzamili.

Mwalimu huyo alikuwa na utaratibu wake. Wanafunzi wa uzamili walitakiwa kufanya mazoezi kila asubuhi, saa mbili hadi saa nne, mlango umefungwa, kioo cha mlango kimezibwa kwa karatasi nyeusi. Yeye hupita ujiani, akasimama nje ya kila mlango, akafumba macho, akasikiliza, akaandika. Kuingia, haingii. Msanii akiwa kazini, alisema, hachunguliwi. Mwaka wa kwanza wa Mwalimu pale, Shangazi alidhani ni mtu wa maombi, akawa anafagia kwa kunyata ili asimkatize.

Sasa, Msomi hakuwa na kasoro ya vidole. Kasoro yake ilikuwa kitanda. Kila akijaribu kukiacha, kilimwita kwa jina. Basi asubuhi moja aliyobahatika kuamka, alijirekodi kwa simu akipiga saa mbili mfululizo, pamoja na kosa lake la ukurasa wa tatu, kisha akamfuata Shangazi na spika ndogo iliyotoshea kiganjani, rekodi ikiwa ndani yake. Alimweleza kwamba utafiti wa ukimya unataka mtu apumzike sana. Kazi ya Shangazi ingekuwa ndogo mno, kubonyeza tu.

"Hata bomu hubonyezwa tu," Shangazi alimjibu.

Lakini alikubali. Hakukubali kwa huruma peke yake. Mama yake Msomi, yaani wifi yake, mwanamke ambaye siri kwake ni maji ndani ya chungio, alikuwa ameshawatangazia watu wote onyesho la Jumamosi, hadi muuza mkaa ambaye kwake muziki wote ni kelele. Na aliyemtia wifi maneno hayo ni nani? Ni Shangazi huyu huyu, aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto ana vidole vya ajabu. Msomi akianguka, havianguki vidole peke yake, huanguka na kiapo cha Shangazi.

Hivyo kwa wiki sita spika ililala kwenye ndoo, chini ya matambara makavu, na saa mbili kamili Shangazi huiingiza namba saba, akaiweka chini ya piano, akabonyeza, akafunga mlango. Saa nne kasorobo Msomi hupanda ngazi za nyuma, akajilowesha paji la uso bombani, akapenya chumbani Mwalimu akiwa namba tisa, kisha akatoka akijifuta jasho kama mtu aliyebeba magunia.

Palikuwa na jambo moja ambalo hawakulipigia hesabu. Siku ile ya kurekodi, Shangazi alikuwa akifagia nje ya mlango, vumbi likampanda, akapiga chafya ya kuamsha mtaa. Ikaingia kwenye rekodi. Asubuhi ya kwanza ya njama yao, Mwalimu kafumba macho mbele ya namba saba, chafya ikalipuka, naye bila kufumbua akasema kwa upole, "Pole na mafua, mama."

Shangazi, ambaye pua yake ilikuwa kavu kama kiberiti, alijipangusa kwa heshima, akashukuru.

Tangu siku hiyo ilimbidi, kila ikikaribia saa tatu na dakika arobaini, awe karibu na mlango ule, kitambaa puani, ili chafya isikose mwenyewe. Mwalimu alimshauri maji ya moto. Wiki ya tatu akamshauri daktari. Wiki ya tano akamwambia mafua yake yanaelekea kuwa sugu.

Darasa la saba la Shangazi halikumfundisha nota, lakini lilimfundisha kusoma maandishi ya mtu yakiwa kichwa chini. Kwa hiyo alikuwa akilisoma lile daftari. Wiki ya kwanza: kidole cha nne kizito. Wiki ya tatu: kidole cha nne kimeanza kutii. Wiki ya tano: ukomavu, hisia, hata pumzi imebadilika. Rekodi ni ile ile, kosa ni lile lile, chafya ni ile ile. Jikoni kwake jioni Shangazi alicheka mpaka akashika meza.

Ikafika Alhamisi, siku ya kulifunga daftari. Shangazi alibonyeza kama kawaida, akaipangusa piano juu juu bila kuifunua, akatoka. Mwalimu alikuja, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko siku zote, akatikisa kichwa kwa raha. Kisha akafanya jambo jipya. Alisema mwaka uliopita mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba daftari lina upendeleo, kwa hiyo safari hii kila jina litawekewa saini ya shahidi.

"Wewe mama ndiye unayeingia humu kufagia. Leo umemwona akipiga?"

Shangazi angeweza kusema hakuangalia. Neno fupi, halina dhambi, na lingetosha kumnusuru. Lakini alimkumbuka wifi yake, akamkumbuka muuza mkaa, ulimi ukatangulia.

"Kwa macho yangu haya mawili, mwalimu. Amekaa mgongo wima, vidole vinaruka kama maharage yanayochemka. Nilimsalimia, hata hakunisikia."

Akapewa kalamu, akatia saini kwa herufi za shuleni, kubwa na za duara. Wino haujakauka, mlio wa toroli ukasikika kutoka mwisho wa ujia. Alikuwa fundi wa piano, anasukuma taratibu kama anayesukuma mgonjwa. Juu ya toroli palikuwa na meno ya piano yote themanini na manane, meupe kwa meusi, pamoja na nyundo zake.

"Samahanini, naomba njia. Haya ni ya namba saba. Niliyatoa jana jioni kuyatengeneza kwa ajili ya Jumamosi."

Wote watatu waliutazama mlango. Nyuma yake piano isiyokuwa na hata jino moja iliendelea kupiga, kwa ukomavu na hisia. Ikafika ukurasa wa tatu, ikakosea. Halafu ikapiga chafya.

Kitambaa cha Shangazi kilikuwa mfukoni. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na safari hii Mwalimu alikuwa amefumbua macho.

"Ana mafua," Shangazi alisema. "Nadhani nimemwambukiza."

Hapo ndipo Msomi alipotokea ngazi za nyuma, paji la uso linachuruzika maji ya bomba. Akawaamkia wote, akasema mazoezi ya leo yamemtoa jasho. Hakuna aliyemjibu, isipokuwa piano.

Mwalimu aliinua kalamu alifute jina. Fundi, ambaye shingo yake ilikuwa ndefu, alikuwa ameshachungulia ukurasa. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, rekodi inayokomaa wiki hadi wiki huwa inalishwa nini.

Kalamu ikabaki hewani. Ikashuka. Mwalimu alilifunga daftari, akalisukumia kwapani, akamwamuru fundi arudishe meno, na Msomi akae apige mlango wazi, asubuhi na mchana, hadi Jumamosi. Jukwaani atapanda, na ole wake akosee ukurasa wa tatu. Kisha akakohoa kidogo, akanyoosha kola.

"Na msidhani mmenidanganya. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nasubiri mkiri wenyewe."

Shangazi alitoa kitambaa mfukoni, akakikunjua polepole.

"Na hayo mafua sugu, mwalimu, uliyokuwa ukinipa pole?"