Godoro la Verlene

Nyonga mpya ya bandia ya Verlene ilikuwa na miezi mitano tu, lakini gwaride la farasi la Agosti halimsubiri mtu. Kwa kuwa farasi wake jike alikuwa na uti wa mgongo mkali kama ukingo wa bati, alimfunga tandiko laini la sponji, lisilo na mbao wala vikuku vya kukanyagia.

"Dada, unampeleka farasi kulala?" Dewey akapaza sauti kutoka upande wa pili wa kambi. "Naona umemtandikia godoro!"

Kambi nzima ikaangua kicheko. Baba yake Verlene na baba yake Dewey walikuwa wa ukoo mmoja, na kwa Wakrow, kabila lao la wenyeji wa Amerika, watu wa namna hiyo hutaniana hadharani. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Verlene akameza hasira.

"Basi panda wewe kwanza, dume la mbegu. Tuone."

Dewey akalishika tandiko kwa mikono miwili, akajivuta juu kama alivyozoea kwenye matandiko ya mbao. Bila mbao za kulishikilia, likazunguka naye. Akaanguka chali chini ya tumbo la farasi, ambaye hata sikio hakutikisa.

Verlene akalirudisha tandiko juu, akakaza mkanda, akamsogeza farasi ubavuni mwa pikapu. Alipanda bodi ya pikapu kwanza, akashika manyoya ya shingo, akajishusha taratibu mgongoni. Nyonga ilimchoma. Tandiko halikusogea.

Akamtazama Dewey akijipangusa vumbi.

"Haya, kaka, tumeshajua nani analalia godoro," akasema, "na nani analala uvunguni."