Kimea cha Msafiri

"Nusa," mama mkwe akaniambia.

Kiganja chake kilikuwa chini ya pua yangu, na juu yake ulezi uliochipua, vimizizi vyeupe vimeshikana kama nywele za mtoto mchanga. Yeye mwenyewe, mama Ng'washi, pua yake ilishauawa na ugoro. Pale Itetemia nyumba nzima ilitegemea pua yangu mimi, Tekla, mke wa mwanawe.

Kimea kizuri kinanuka majani mabichi baada ya mvua. Hiki kilikuwa cha moto. Kinateleza. Harufu yake, yaani, kama nguo iliyosahauliwa majini.

Na nilijua anachouliza. Alikuwa anauliza kama mwanawe yu hai.

Maana kwao ilikuwa hivi. Zamani za misafara, wapagazi wakirudi kutoka pwani, wakifika Tura, mpakani mwa nchi yao, walituma mtu atangulie mbio. Mama wa msafiri akisikia tu, analoweka ulezi, anaufunika kwa majani ya mbarika penye kivuli. Ukichipua hauanikwi mpaka msafiri mwenyewe akanyage kizingiti, auanike juani kwa mkono wake, apikiwe pombe. Ukioza kabla hajafika, basi, hakuna wa kumngoja. Watu wananyoa.

Wapagazi waliisha, ikaja treni, akaja Mwingereza, na Masolwa wangu akaenda Tanga manamba, kukata mkonge. Siku ya kurudi akashuka Kornel peke yake, mwenzake wa kule kule. Alisema Masolwa ameshuka Tura kumsalimu shangazi, atakuja na treni inayofuata. Hajamaliza kusema, mama mkwe keshachota maji.

Treni ikaja. Ikaja nyingine. Mvua nayo haikatiki, baridi imejaa ndani, na mama mkwe kwa kukihurumia kile kimea akakirundika kwenye kapu, akakifunika gunia bichi, kama mgonjwa wa homa. Nilimwambia kitavunda, tukitandaze kwenye ungo kipate hewa. Akasema mtoto hatandazwi kwenye baridi.

"Nusa, mwanangu. Usinionee huruma."

"Kimechacha, mama."

Hakulia. Alikwenda kukimwaga njia panda, akarudi, akaomba wembe. Tulinyolewa wote wawili, majirani wakaja kukaa matanga. Katekista Raymundi alikuja kufoka kwamba Mungu hatumi habari kwa kapu. Akapewa kigoda, akakaa.

Matanga hayajaanuliwa, Masolwa huyo, mchana kweupe, amekonda, sanduku la bati kichwani. Akasema homa ilimlaza Tura. Akatazama vichwa vyetu, akauliza nani kafa.

Akapiga goti mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mayu."

Mama mkwe alimtazama sana. Akaingia ndani, akatoka na kata ya maji, akayamimina ardhini mbele ya magoti yake, taratibu, vile anavyowamiminia wazee waliotangulia. Halafu akarudi kuchambua maharage yake.

Nilimfuata. Nikamwambia ni gunia, mama, ni lile gunia tu. Akasema anajua. Lakini mpaka anaingia kaburini hakuitikia salamu ya mwanawe hata mara moja, na chakula cha huyo mwanawe alikiweka kwenye kona ya wazee, kwenye kibuyu kilichokatwa, na Masolwa alikuwa anakwenda kukila pale pale, amechuchumaa.

Siku moja nilimuuliza Masolwa kule Tura ilikuwaje. Akasema hakumbuki. Anachokumbuka ni kuamka na kukuta wamemfunika shuka mpaka usoni, na ukumbini shangazi yake analia.

Sikumwuliza tena. Nilimpa uji, akanywa, akajilaza. Alipopitiwa na usingizi nilivuta shuka polepole, nikainamisha pua shingoni kwake, nikanusa.

Nilifanya hivyo miaka mingi.