Tangi la Pili

Pete iliyoshikilia boya la geji ya mafuta kwenye tangi la kwanza ilikubali kugeuka kwa pigo la saba. Fundi alikuwa amelala ubavu chini ya pikapu. Tangi lilikuwa limeshushwa kwa jeki, kiasi cha mkono wake kupita juu yake. Aligonga kwa patasi ya shaba, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Shaba haitoi cheche. Mambo ya aina hiyo alikuwa bado anayajua.

Akachomoa boya la zamani, akavuta pumzi kwa mazoea. Hakuna kitu. Hewa ilipita puani kama maji yanavyopita bombani, haikumletea habari yoyote.

Mtaa mzima ulimwita Pua. Miaka ishirini alikuwa akisimama mbele ya gari lililofunguliwa boneti, ananusa mara mbili, na kusema, "Mkanda huu unaungua," au, "Oili imeingia kwenye maji," na hakosei. Wateja walikuja hata kwa ajili ya kumwona akifanya hivyo. Miezi miwili iliyopita mafua makali yalimlaza siku tisa. Siku ya kumi aliamka, nguvu zikarudi, ulimi ukarudi nusunusu, pua haikurudi. Alilijua hilo asubuhi mkewe alipoingia jikoni mbio akipiga kelele: sufuria imekuwa mkaa, na yeye amekaa hatua tatu kutoka jikoni akisoma gazeti kuukuu.

"Wewe mwanamume, umekufa?"

"Nilisinzia," alijibu. Heri aitwe msinziaji. Nani angempa fundi asiye na pua tangi la mafuta alifungue?

Pikapu ilikuwa ya Mkunga, na ilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wazazi aliowazalisha. Ilikuwa na matangi mawili, swichi ya kuhama kutoka moja kwenda jingine, na geji iliyokuwa inasema uongo. Wiki iliyopita ilimzimikia mlimani, mzazi akiwa nyuma.

"Mshale unasema nusu, fundi. Nusu! Nimezalisha kando ya barabara, mvua inanyesha, tumejifunika turubai," alimwambia asubuhi akimkabidhi funguo. "Leo saa kumi naondoka. Wawili wananisubiri, mmoja ana mapacha. Sitaki tena geji ya kunidanganya."

Sasa Mkunga alikuwa amejinyoosha kwenye benchi uani, mkoba umekuwa mto, amelala fofofo.

Kabla ya kugusa chochote, Fundi alikuwa ameng'oa waya wa betri, kisha akaenda kwa jirani yake, mchomeleaji, aliyetenganishwa naye na ukuta wa mabati tu.

"Nizimie mashine mpaka saa nane, tafadhali. Nafungua matangi."

"Pua imesemaje?" jirani alitania.

"Imesema uzime."

Zamani pua ndiyo iliyomlinda; ilimwambia sasa, au bado. Leo kila kitu kilimtisha: taa ya waya aliyoilaza sakafuni karibu na gurudumu, msumari chini ya kiatu, hata jasho lake mwenyewe likitiririka shingoni.

Boya jipya liliingia kwenye tangi la kwanza vizuri. Akaweka mpira mpya wa kuziba, akafunga pete, akalipandisha tangi. La pili alilinyonya mafuta kwa mpira mrefu hadi kwenye dumu, akalishusha, akaingia tena chini. Pete ya huku ilikuwa imeliwa na kutu. Aligonga, akapumzika, akagonga. Muda ukapita bila yeye kuuhesabu.

Kilichomshtua ni ubaridi kwenye nyonga.

Akapapasa. Shati lilikuwa limelowa. Aligeuza shingo polepole na kuona sakafu inang'aa chini yake, ukanda mwembamba uliotoka kwenye dumu lenye ufa, ukapita chini ya mgongo wake, ukafuata mteremko kuelekea ukuta wa mabati. Alikuwa amelala ndani ya petroli. Tangu lini? Taa ilikuwa shubiri moja kutoka ukingoni mwa mafuta, balbu yake imepata moto wa kutosha.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa mabati:

"Pua! Saa nane hiyo! Nawasha!"

Alifungua kinywa. Haikutoka hata pumzi.

"Pua? Haya, nawasha!"

Akajiburura hadi ukutani, akapiga bati kwa kiganja, mara tatu, nne, mpaka sauti ikakubali kuja. "Usiwashe! Mafuta! Yamemwagika!"

Mashine haikuwaka. Akaishika taa kwa waya wake, akaivuta inchi kwa inchi, hadi nje uani. Jirani alikuwa amefika mlangoni, na pale pale akaziba pua kwa mkono.

"Mungu wangu! Yananuka mpaka huku nje. Wewe hukusikia?"

"Nilizama kwenye kazi."

Jirani alimtazama kwa muda ambao haukuwa wa kawaida yao, kisha akaenda kuleta ndoo ya mchanga. Mkunga alikuwa ameketi benchini, macho wazi.

Walimwaga mchanga, wakauzoa, wakafungua milango yote, wakaacha upepo upite. Fundi akabadilisha nguo, akarudi chini ya gari. Saa kumi kasoro robo matangi yote mawili yalikuwa mahali pake, mafuta yamerudishwa. Mkunga akawasha, akabonyeza swichi. Mshale ukapanda robo tatu. Akabonyeza tena. Ukashuka, ukatulia robo.

"Alhamdulillahi, mshale umejifunza adabu," alisema akizima injini. "Na haivuji?"

"Nimepapasa kote. Pakavu."

"Kupapasa ni kwa mkono. Nakuuliza pua. Ukisema iko salama, naondoka."

Hapo angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu.

"Dada," alisema, akitazama viatu vyake, "mimi sisikii harufu. Tangu yale mafua."

"Miezi miwili?"

"Miwili."

"Mkeo anajua?"

"Anadhani nasinzia."

Mkunga alicheka kidogo, kicheko kikakatika. "Na ningepakia mtu na mapacha wake humu." Hakungoja jibu. Alishuka, akapiga magoti sakafuni na gauni lake la kazi, akaingiza kichwa chini ya gari. Kwenye tangi la kwanza hakukawia. Kwenye la pili alitulia.

"Hapa. Kidogo, lakini ipo."

Fundi alilishusha tena. Mpira wa kuziba ulikuwa umejikunja upande mmoja, upana wa ukucha. Akautoa, akaupangusa, akaulaza upya kwa vidole vyote kumi, akafunga. Saa kumi ilikuwa imeshapita. Simu ya Mkunga iliita mara mbili, naye akaiambia ingoje.

Kisha akapanda, akafunga mlango, akapandisha vioo vyote, akafumba macho, akanusa. Fundi alisimama nje, mkono juu ya boneti, akiutazama uso ule kupitia kioo. Kifua cha Mkunga kilijaa taratibu, kikashuka, kikajaa tena. Na bila kujua, Fundi naye alikuwa akivuta pumzi pamoja naye.