Macho ya Séverin

Katika karakana yetu hapa Dieppe, pwani ya Ufaransa, babu alichonga, baba anachonga, nami nasugua. Tunatengeneza sanamu za watu, kichwa na mabega, kwa pembe za ndovu. Mwiko wetu ni mmoja: macho hayachongwi kwa kukumbuka. Mwenyewe akae kitini, mboni zitobolewe huku akikutazama.

Kaka yangu Séverin alikaa kitini wiki nzima kabla ya kwenda kupigana na Waprusi. Baba alimaliza pua, midomo, hata kovu la kidevuni. Macho yakabaki matupu.

"Utarudi kuyadai," baba alimwambia.

Hakurudi. Ilikuja barua tu, na kaburi halijulikani liko wapi.

Kwa miaka miwili mama alikaa mezani na kile kichwa kipofu. Mimi nikipita mbele yake, hanioni. Nisiseme uongo, niliionea wivu ile pembe.

Asubuhi moja aliingia karakanani. "Mmalizieni mwanangu macho."

"Kwa kumtazama nani?" baba aliuliza. "Mwiko unaujua, mke wangu."

"Mwiko, mwiko! Mwiko umekurudishia mtoto? Léonie ana macho yaleyale. Mkalishe huyo."

Baba alinitazama ili nikatae. Nami nilijua napaswa kukataa. Lakini mama alikuwa amenishika kidevu, ananitazama kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije. Nikakaa mbio.

Siku tatu baba alichonga, mama amesimama nyuma yake. "Usipepese, mwanangu," akawa ananiambia. Mwanangu! Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Siku ya nne niliisugua sanamu kwa chaki mpaka ikang'aa, nikampelekea mama. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akasogea nayo dirishani.

"Huyu ni Léonie."

"Mama, si wewe mwenyewe ulisema..."

"Yalipokuwa matupu nilikuwa namwona! Kila siku nilikuwa namwona. Yatoeni haya!"

Baba alitazama vumbi jeupe miguuni pake. Pembe ikishachongwa hairudi. Akafunga patasi zake kwenye kitambaa.

Mama akaifunika sanamu kwa kitambaa cha mkate. Wakati wa supu nilivuta kiti changu mbele yake kama kawaida.

"Kaa upande ule," alisema, kwa upole kabisa. "Usinitazame kwa macho hayo."

Mpaka leo nakula nimeelekea ukutani.